Meno Sita ya Dada Yangu

Katikati ya miaka ya sitini, katika kisiwa cha Takawiri nilikozaliwa, mtu aliweza kukisia kiwango cha elimu cha mwenzake kwa kumtazama kinywani. Waliokuwa watu wazima kabla shule hazijaenea walikosa meno sita ya mbele ya chini. Waling'olewa wakiwa vijana, kwa chuma chembamba, na fundi aliyejulikana kwa kazi hiyo. Desturi yenyewe kwa Kidholuo huitwa nak. Miongoni mwa wale waliosoma madarasa machache wakaacha, wengine walikuwa na pengo na wengine hawakuwa nalo. Sisi tuliopelekwa shule za bweni, kisha tukaendelea mbele zaidi, tulikuwa na meno yetu yote, kwa kuwa likizo zilikuwa fupi na wamisheni hawakuipenda desturi hiyo.

Wageni walidhani kwamba pengo lilikuwa alama ya kabila tu. Alama lilikuwa, sikatai. Lakini nyanya yangu, mzaa baba, aliyetulea wakati baba akifundisha shule ya msingi karibu na Migori na mama akiishi naye huko, alikuwa na sababu nyingine, naye aliieleza kwa utaratibu kama wakili. Upo ugonjwa unaofunga taya, yaani pepopunda. Mgonjwa huwa na akili timamu, anasikia njaa, anasikia kiu, ila kinywa hakifunguki. Asiye na pengo hufa akiutazama uji. Mwenye pengo hutiwa mrija, akanyweshwa uji na mchuzi mwembamba mpaka ugonjwa uchoke wenyewe. Nyanya hakuyasema haya kwa kusikia. Shemeji yake, mdogo wa marehemu babu, aliwahi kufungwa taya baada ya kujikata kwa jembe. Nyanya alimlisha kwa mrija siku thelathini na tisa, naye akapona, akaoa mke wa pili. Kwa hiyo nyanya alipotutazama mimi na dada yangu tukicheka kwa meno yote thelathini na mawili, aliona watu waliojengewa nyumba nzuri isiyo na mlango wa nyuma.

Jambo la pili ninalopaswa kulieleza kabla ya mengine ni viatu. Mwanafunzi wa bweni alikuwa na viatu kwa sababu shule ilidai awe navyo. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, na alivivaa muda wote wa masomo. Lakini mashua ilipokaribia kisiwa, kabla haijagusa mchanga, alivivua, akazifunga kamba pamoja na kuvining'iniza begani, kisha akavificha chini ya kitanda hadi siku ya kurudi shuleni. Hakuna aliyetuamuru. Tulijua tu kwamba msichana akitembea na viatu kati ya mama zake wanaoanika dagaa pekupeku, itasemwa kwamba shule imempandisha kichwa. Dada yangu alilishika hili kuliko mimi. Alipendwa kisiwani, na alitaka kuendelea kupendwa.

Mwaka huo alikuwa amemaliza kidato cha sita, na barua ilikuwa imekuja kwamba amepata nafasi katika chuo kikuu, Nairobi, asomee baiolojia. Kisiwa kizima hakikuwa kimewahi kupeleka msichana mahali kama hapo. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Mimi nilikuwa chuo kikuu cha Kampala, mwaka wa pili, nikisoma Kilatini na historia, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo. Majirani walioambiwa niko chuo kikuu walidhani ninasomea udaktari, wakaniletea majipu yao. Nyanya ndiye aliyewarudisha. "Huyu mume wangu," aliwaambia, kwa kuwa kwetu nyanya humwita mjukuu wa kiume mumewe na wa kike mke mwenzake, "huyu anasomea lugha ya watu waliokwisha kufa. Akikutibu utaenda kuzungumza nao."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Jumamosi moja asubuhi.

Nyanya alikuwa ameketi mlangoni akichambua wimbi. Dada yangu alipita na ndoo ya maji, akikanyaga kwa kisigino cha mguu wa kulia.

"Mke mwenzangu, mbona unatembea kama bata?"

"Nimechoka tu, Dani," alisema dada. Dani ndilo neno letu la kumwitia nyanya.

"Uchovu haukai mguu mmoja. Tua ndoo. Lete hapa."

Dada alijaribu kucheka. Nyanya aliukamata mguu, akaufungua ule utambaa uliofungwa unyayoni, akaugeuza mguu kwenye jua. Palikuwa na tundu dogo, jeusi pembezoni, na nyama iliyolizunguka ilikuwa imevimba.

"Nini hiki?"

"Msumari."

"Wa wapi?"

"Karibu na zizi la mbuzi. Ule ubao wa mtumbwi wa zamani."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi! Na ukanyamaza?"

"Niliosha na maji ya ziwa, Dani. Sikutaka kelele."

Nyanya aliuweka mguu chini taratibu, kama mtu anayetua chungu. Hakuuliza tena habari za mguu. Alimtazama mjukuu wake kinywani. Kisha akageuka kwangu. "Mume wangu, nenda ng'ambo ya kilima, umwite fundi wa meno. Mwambie aje na chuma chake, na aje sasa hivi."

Dada alielewa kabla yangu. "Dani, nina miaka kumi na tisa."

"Ndiyo maana nina haraka. Leo kinywa kinafunguka. Kikishafunga, hata fundi akiwa malaika atapitishia wapi chuma?"

"Homa Bay ipo sindano. Mtu aliyechomwa na msumari akidungwa mapema, taya halifungi."

"Umeiona?"

"Nimeisoma."

"Umeisoma," nyanya alirudia, bila kejeli yoyote, kama anayepima uzito wa kitu kwenye kiganja. "Mimi nimemlisha mtu kwa mrija, nikimfuta kidevu, siku thelathini na tisa. Na wewe umeisoma."

Lazima niseme kwa usahihi nilichofanya mimi, kwa sababu si cha kujivunia. Ugonjwa huu niliujua kutoka kwa waandishi wa kale niliokuwa nikiwasoma chuoni. Walikuwa wameueleza vizuri sana: taya, shingo, mgongo unaopindika kama upinde. Wameueleza, wakakiri kwamba hawana la kufanya, na wakaendelea na ugonjwa mwingine. Elimu yangu ya juu ilikuwa imenipa picha kamili ya kifo cha dada yangu, bila dawa hata tone. Nikiwa na picha hiyo kichwani, pengo la nyanya lilionekana kuwa jambo la busara. Nikaenda kumwita fundi.

Alikuwa mzee mfupi, mkimya, mwenye vidole vipana. Hakuniuliza maswali. Alikichukua chuma chake kilichoviringishwa ndani ya ngozi ya mbuzi, tukapanda kilima pamoja. Tuliporudi, nyumbani hapakuwa na mtu. Nyanya na dada walikuwa ufukweni, na kila mmoja alikuwa amefika huko kwa nia yake: dada alikuwa amechechemea kwenda kumtafuta jirani mwenye mashua ya injini, naye nyanya amemfuata ili asitoroke.

Jirani huyo alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato. Alikuwa ameitwa kutoka ibadani, mwenye shati jeupe na tai, na suruali ameikunja hadi magotini. Alikuwa tayari anaifunga injini nyuma ya mashua.

"Mzee wa kanisa," fundi alimwambia, "leo si Sabato?"

"Siku ninazijua, wewe mpagani. Injini hii haijanguruma Jumamosi hata moja tangu niinunue. Leo itanguruma, na Mungu anajua inakwenda wapi."

Nyanya alisimama kati ya mashua na mjukuu wake. "Haendi popote kabla hajatolewa meno."

Hapo ndipo fundi alipofanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimketisha dada kwenye ukingo wa mashua, akamwelekeza uso juani, akamfunua mdomo wa chini na kulibonyeza kila jino kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, bila pupa. Alipomaliza, alinawa mikono ziwani.

"Ya mtoto hutoka kama muhogo kwenye mchanga," alimwambia nyanya. "Haya yameshika. Nikiyang'oa nitayavunja, mizizi itabaki ndani, kinywa kitavimba. Utakuwa na magonjwa mawili mahali pa moja."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Nisingekuwa mwoga ningekuwa nimeshaua wengi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mpeleke kwenye sindano yake. Isipofaa, nitang'oa, na liwe liwalo."

"Utakuwa wapi wewe wakati huo? Ng'ambo ya kilima?" Nyanya alifikiri kidogo. "Panda mashua."

Tuliondoka watu watano. Nyanya alikuwa amechukua kibuyu cha uji mwembamba na mirija minne ya matete, ameikata yote urefu mmoja, na fundi alikuwa na chuma chake magotini. Tulipita katika mlango wa maji wa Mbita, tukaingia ghuba, na katika safari hiyo ya zaidi ya saa tatu mzee wa kanisa alimwomba fundi mara mbili akae katikati asije akatupindulia mashua. Nilimtazama dada. Alikuwa akiyafunua na kuyafumba mataya yake polepole, akidhani hatumwoni.

Katika hospitali ya serikali pale Homa Bay alikuwapo siku hiyo msaidizi wa daktari, mtu wa makamo, mwenye koti jeupe na miwani. Dada alimweleza kila kitu kwa Kiingereza, kwa kuwa jina la dawa alilijua kwa lugha hiyo tu: msumari, zizi, Alhamisi mchana, na sindano aliyotaka. Msaidizi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwa Kidholuo, akiwa ameona kwamba yupo mtu mzima ambaye hajaelewa. Alisema dada amefanya vizuri kuja, na kwamba atamdunga.

Nyanya alikuwa amekunja mikono. "Kwanza fungua kinywa," alimwambia msaidizi.

Dada aliinamisha uso kwa aibu. Msaidizi alitazama kibuyu, akatazama mirija, akacheka, na alipocheka tukaona. Meno yake sita ya chini hayakuwapo.

Nyanya aliikunjua mikono yake. "Nani alikutoa?"

"Fundi wa Kendu Bay, mama. Nilikuwa nimekaribia miaka kumi na mitatu. Nililia siku nzima."

Fundi wetu alijipenyeza mbele, akainama, akachungulia. "Kazi nzuri," alisema. "Amefuata mstari. Huyo alimfundisha ndugu yangu."

"Na bado unadunga watu sindano," nyanya alisema. Halikuwa swali, lakini msaidizi alilijibu kama swali, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu niliyaandika jioni ile ile.

"Mama, nimewaona wenye pengo wakilishwa na kupona, na nimewaona wakilishwa na kufa. Pengo humlisha mtu, lakini ugonjwa linauacha pale pale ulipo. Sindano inakwenda kuushika ugonjwa wenyewe kabla haujafika kwenye taya."

"Kwa hiyo pengo si upumbavu."

"Kwa kinywa hiki, nitasemaje kwamba ni upumbavu?"

Nyanya aliketi kwenye benchi. Nimewaona watu wengi tangu siku hiyo wakijaribu kuwashawishi wazee kwa hoja zilizopangwa vizuri kuliko hizo, wakashindwa. Nadhani sababu ni kwamba nyanya hakuwa akisubiri hoja. Alikuwa akitafuta mtu mmoja anayezijua njia zote mbili, na aliyekuwa ameishi ndani ya ile ya kwanza. Alipompata, ubishi ulikwisha.

Dawa hiyo ya wakati ule ilitengenezwa kutokana na damu ya farasi, na msaidizi alisema hivyo waziwazi, kwa sababu kulikuwa na watu ambao miili yao iliikataa. Kwanza alimdunga tone dogo chini ya ngozi ya mkono, tukasubiri nusu saa.

"Damu ya farasi," nyanya alimnong'oneza fundi. "Mke mwenzangu atatoka humu akipiga mateke."

"Afadhali apige mateke kuliko akauke," alisema fundi.

Ngozi haikuvimba. Alidungwa dawa yote, kidonda kikapanuliwa na kusafishwa, na katika shughuli hiyo dada aliuma shuka la kitanda bila kutoa sauti. Alipomaliza kufungwa bandeji, akiwa bado ana machozi, alitoa daftari dogo katika mfuko wa gauni akaanza kuuliza. Ni nini kinaweza kutokea baada ya dawa hii? Siku ya ngapi? Na atatofautishaje madhara ya dawa na ugonjwa wenyewe? Msaidizi, aliyekuwa ameshasimama kumwendea mgonjwa mwingine, alirudi akaketi. Alimwambia kwamba katika wiki ya pili huenda akatokwa na vipele vya kuwasha, akapata homa kidogo, na viungo vikamuuma, yote kwa sababu ya damu ya farasi, na kwamba yangekwisha. Akipumua kwa shida, arudi mara moja. Ugonjwa wenyewe ungejulikana kwa taya: likikataa kufunguka, au shingo ikikauka, au akishindwa kumeza. Alimpa pia sindano ya namna nyingine, ya kuulinda mwili kwa siku zijazo, na kadi ya kumkumbusha zile zilizobaki. Dada aliandika yote, akamsomea, akasahihishwa neno moja.

Tulirudi kisiwani Jumapili. Siku za hatari zilikuwa ishirini na moja, na nyanya alijiwekea utaratibu wake. Kila asubuhi, kabla dada hajanawa uso, nyanya alimwingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. "Vinaingia," alisema, akaenda kuwasha moto. Fundi alikuja kila siku kutusalimu. Hakuwahi kutaja kilichomleta, na hakuwahi kuja bila ule mfuko wa ngozi.

Siku ya tisa baada ya sindano dada hakuinuka. Nilimsikia akiniita kutoka kitandani kwa sauti ndogo. Mikono na shingo yake vilijaa vipele vyekundu vipana kama majani. Magoti hayakunjiki, vifundo vya mikono vimevimba, na aliponieleza haya niliona akijishika shavu chini ya sikio.

"Hapa pia panauma," alisema. "Kwenye kiungo cha taya."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Ile picha ya waandishi wangu wa kale ilirudi yote. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni, amesikia, na nyuma yake fundi alikuwa amewasili kama kawaida yake. Nyanya hakupiga kelele. Alimwambia fundi, "Andaa," naye fundi akachuchumaa na kuanza kuifungua ngozi ya mbuzi. Nami, ninakiri, nilisogea kando kumpisha.

"Kaka," dada alisema. "Daftari. Liko chini ya mto. Soma."

Nililitoa. Kwa haraka nilifungua ukurasa usio wenyewe. Nilipoupata nilianza kuueleza kwa maneno yangu, kwamba huenda, kwamba inawezekana.

"Soma yaliyoandikwa," alinikatiza. "Usisome ya kwako."

Nikasoma, nikitafsiri kwa Kidholuo neno baada ya neno. Wiki ya pili. Vipele vya kuwasha. Homa ndogo. Maumivu ya viungo. Husababishwa na dawa, hupita. Kisha mstari wa chini: ugonjwa hujulikana kwa taya kutofunguka.

"Taya ni kiungo?" fundi aliuliza.

"Ni kiungo kama goti," alisema dada.

Nyanya alipiga magoti kando ya kitanda. Alivipanga vidole vitatu. Dada alifumba macho, akafunua kinywa, na uso wake ukakunjamana kwa maumivu, lakini kinywa kilifunguka, kikafunguka zaidi, na vidole vya nyanya vikaingia vyote vitatu hadi kwenye kifundo cha pili.

"Vinaingia," nyanya alisema.

"Vinauma, Dani."

"Vinauma, lakini vinaingia. Meza mate." Dada alimeza. "Geuza shingo." Aligeuza. Nyanya alivuta pumzi, akajifuta vidole kwenye kanga yake. Fundi alikwisha kuiviringisha tena ngozi bila kuambiwa.

Mchana tulirudia, na jioni tukarudia tena. Kesho yake vipele vilianza kufifia, siku ya tatu dada alitembea hadi ziwani. Ni mara chache maishani mwangu nimesikia raha kama ile ya kumwona mtu akijikuna.

Baadaye, katika kazi yangu ya kufundisha, nimesoma mengi yanayosemwa kuhusu watu waliosoma zaidi kuwa na afya bora zaidi, na nimekubali kwamba ni kweli, ila nimekuwa mgumu kukubali maelezo mepesi. Dada yangu hakuijua pepopunda kuliko nyanya. Nyanya alikuwa ameiona, ameigusa, ameilisha uji. Dada hakuwahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Mimi niliyekuwa nimesoma miaka mingi kuliko yeye sikufaa kwa lolote. Wala sisahau kwamba ni shule iliyompa viatu, na kwamba angekuwa amevivaa siku ile nisingekuwa na la kusimulia.

Nikijaribu kupima kwa haki, naona shule ilimpa mambo mawili yaliyoamua. La kwanza, hakumwogopa mtu wa nyuma ya meza. Kwetu, mtu aliyekwenda hospitalini alisema panapouma, akapokea alichopewa, akaondoka. Kumrudisha msaidizi kitini ili ajibu maswali lilikuwa jambo ambalo hata baba, mwalimu, hangelithubutu. La pili, alikuwa amezoea kuamini kwamba alichokiandika akiwa ametulia kinastahili kusikilizwa kuliko kile ambacho hofu inamwambia siku tisa baadaye. Mazoea haya hayafundishwi katika somo lolote. Huingia polepole, mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana sidhani miaka michache ya shule ingetosha. Msichana wa darasa la nne angejua kuandika neno "vipele". Sidhani angemwambia kaka yake mkubwa asome yaliyoandikwa.

Lakini napenda kuongeza, maana usahihi unadai hivyo, kwamba daftari lile lisingefaa kitu kama nyanya asingekubali kulisikiliza, na alilisikiliza kwa sababu maneno yake yalitoka katika kinywa chenye pengo.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili nyanya alivipanga vidole vyake mara ya mwisho. Alikaa hivyo kidogo, kama mtu anayesikiliza, kisha akavitoa.

"Basi," alisema. "Nenda kanawe uso, chai itapoa."

Wiki ya mwisho ya likizo dada yangu alivuka hadi Homa Bay, akapitia Rodi Kopany hadi Migori kuwaaga wazazi, na kutoka huko akapanda basi la Nairobi. Sindano iliyofuata alidungwa chuoni katika wiki ya sita, kama kadi ilivyoagiza. Alimaliza shahada yake, akarudi Migori, na akafundisha baiolojia huko hadi alipostaafu.